Mashaka juu ya kura za maoni nchini Kenya

Mashaka juu ya kura za maoni nchini Kenya yamekuwa sehemu ya kila uchaguzi mkuu tangu mwaka 2007. Yanahusu kampuni za utafiti zinazohoji wananchi elfu moja au elfu mbili, kisha kutangaza nani angeshinda urais kama uchaguzi ungefanyika siku hiyo. Malalamiko ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya kitaalamu: kwamba waliohojiwa ni wachache mno, wamechaguliwa vibaya, au hawakusema ukweli. Ya pili ni ya kisiasa: kwamba matokeo yamenunuliwa, na kwamba hutangazwa ili kuwazoesha watu ushindi utakaopatikana kwa njia nyingine.

Kenya ina ugumu wake wa pekee. Kwa kawaida kura ya maoni huhukumiwa kwa kuilinganisha na matokeo ya uchaguzi wenyewe, lakini nchini Kenya matokeo hayo nayo yamebishaniwa mara nyingi. Tume iliyochunguza uchaguzi wa 2007 ilisema haiwezekani kujua nani alishinda, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais. Kwa hiyo anayeuliza kura ya maoni ilikosea kwa kiasi gani hana budi kueleza kwanza anailinganisha na nini.

Maana ya neno

Katika Kiswahili "kura ya maoni" ina maana zaidi ya moja. Nchini Kenya na Tanzania neno hilo hutumika pia kwa kura inayopigwa na raia wote juu ya suala moja, kama ile ya tarehe 4 Agosti 2010 iliyopitisha katiba mpya ya Kenya. Wengine huiita kura ya maamuzi. Nchini Tanzania, kura za maoni ni pia zile zinazopigwa ndani ya chama cha CCM ili kupata wagombea. Makala hii inahusu utafiti wa maoni ya umma, ambapo sehemu ndogo ya watu huhojiwa ili kukadiria maoni ya wote.

Mchanganyiko huu wa maana una madhara yake. Msikilizaji wa redio anayeambiwa kwamba fulani "ameongoza katika kura za maoni" anaweza kudhani kuna kura iliyopigwa mahali fulani na kuhesabiwa. Hakuna kura iliyopigwa. Kuna watu walioulizwa, na baadhi yao hawakutaka kujibu.

Chanzo cha mbinu na cha mashaka

Sifa ya kura za maoni za kisasa, pamoja na mashaka juu yake, ilianzia Marekani mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma kadi takriban milioni 10 kwa watu ambao majina yao yalitoka hasa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Zaidi ya milioni 2 zilirudishwa, na jarida likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin D. Roosevelt. Roosevelt alipata takriban asilimia 61 na kuchukua majimbo yote isipokuwa Maine na Vermont. George Gallup, aliyetumia watu wachache zaidi kwa mbali, alikuwa amemtaja mshindi sahihi.

Kisa hiki hufundishwa kama onyo dhidi ya orodha mbovu, kwa kuwa mwaka 1936 maskini wengi hawakuwa na simu wala gari. Uchambuzi wa baadaye uliongeza jambo ambalo ni muhimu zaidi kwa Kenya ya leo: hata miongoni mwa waliopokea kadi, wale waliojitaabisha kuzirudisha walikuwa na maoni tofauti na wale waliozitupa. Orodha ikiwa nzuri bado haitoshi, kwa sababu anayekubali kujibu huenda hafanani na anayekataa.

Mwaka 1948 zamu ya kuaibika ilimfikia Gallup mwenyewe. Yeye na wenzake walitabiri kwamba Thomas Dewey angemshinda Harry Truman, na Truman akashinda. Watafiti wao walikuwa wamepewa idadi ya wanaume, wanawake, matajiri na maskini wa kuhoji, lakini waliachiwa kujichagulia watu wenyewe. Tena waliacha kuhoji mapema, kampeni zikiwa bado moto. Baada ya hapo kampuni nyingi zilihamia sampuli nasibu, ambayo ndiyo msingi wa tafiti za aina hii hadi leo.

Sampuli na kosa lake

Pingamizi linalosikika zaidi mitaani ni fupi: "Mimi sijawahi kuulizwa." Ni kweli, na si ajabu. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura 22,120,458 walioandikishwa. Utafiti wa watu 2,000 humgusa mmoja kati ya takriban 11,000, hivyo mtu anaweza kuzeeka bila kupigiwa simu hata mara moja.

Uchache huo peke yake si kasoro. Mpishi huonja mchuzi kwa kijiko kimoja, awe amepika kwa ajili ya watu watano au kwa ajili ya harusi. Muhimu ni kwamba sufuria limekorogwa vizuri. Katika takwimu, kukoroga ni kuhakikisha kila mtu ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Sharti hilo likitimia, watu 2,000 hutoa jibu lenye kosa la takriban pointi 2.2 juu au chini, na watu 1,000 hutoa kosa la takriban pointi 3. Hesabu hiyo haibadiliki sana nchi iwe na watu milioni 5 au milioni 50.

Matatizo huanzia mahali pengine. Kwanza, kosa hilo huhusu kila mgombea peke yake. Pengo kati ya wagombea wawili wanaokaribiana lina kosa karibu mara mbili ya hapo. Kampuni ikihoji watu 2,000 na kutangaza mgombea mmoja ana asilimia 47 na mwingine 46, haijasema nani anaongoza. Gazeti linaloandika "apiku mwenzake" juu ya tarakimu hizo limebuni habari.

Pili, sampuli ya taifa haiwezi kukatwakatwa. Watu 2,000 wakigawanywa katika kaunti 47, kila kaunti hupata kama 42, na kosa lake hufikia pointi 15 hivi. Hata hivyo orodha za magavana "wanaoongoza" huchapishwa mara kwa mara bila kueleza ni watu wangapi waliohojiwa katika kila kaunti. Mwanafunzi anayetaka mfano wa takwimu zisizofaa hahitaji kwenda mbali.

Tatu, kiwango cha kosa kinachotangazwa hupima bahati ya kuchagua watu, basi. Hakipimi woga, uongo, swali lililoulizwa vibaya, wala kaunti ambako watafiti hawakufika. Kura ya maoni inaweza kuwa na kosa dogo kwenye karatasi na bado ikawa mbali na ukweli.

Kuanzia 2002 hadi 2022

Wakati wa chama kimoja hapakuwa na nafasi ya kuuliza hadharani kama wananchi wangemtaka rais mwingine. Kura za maoni zilikua pamoja na siasa za vyama vingi zilizorudi mwishoni mwa 1991. Mwaka 2002 hazikuleta ugomvi mkubwa: zilimwonyesha Mwai Kibaki akiwa mbele kwa mbali, naye akamshinda Uhuru Kenyatta kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura. Pengo likiwa kubwa kiasi hicho, hata mizani mbovu huonyesha upande mzito.

Mwaka 2007 hali ilikuwa nyingine. Kampuni iliyojulikana zaidi ilikuwa Steadman, ambayo baadaye ilinunuliwa na Synovate na kisha kuingia katika Ipsos. Katika miezi ya mwisho tafiti zake zilimwonyesha Raila Odinga akimpita Rais Kibaki, kisha pengo likapungua hadi takriban pointi mbili, Raila akiwa na karibu asilimia 45 na Kibaki 43. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba. Tarehe 30 Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alimtangaza Kibaki mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao.

Kura za maoni hazikuanzisha ghasia hizo. Chuki za ardhi na kabila, pamoja na namna kura zilivyojumlishwa Nairobi, zilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Lakini kwa miezi kadhaa wafuasi wa Raila walikuwa wameambiwa kila wiki kwamba mtu wao yuko mbele. Wengi hawakuelewa kwamba pointi mbili ni sawa na kutojua. Mshindi mwingine alipotangazwa, kura ya maoni iligeuka kuwa ushahidi wa wizi. Upande wa Kibaki nao ulikuwa tayari na jibu lake, kwamba kampuni hizo zilikuwa na upendeleo tangu mwanzo. Tume iliyoongozwa na jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilimaliza kazi yake Septemba 2008 bila kumtaja mshindi, kwa sababu uharibifu wa kumbukumbu na makosa ya hesabu yalikuwa makubwa mno.

Katika uchaguzi wa 4 Machi 2013 tafiti za mwisho zilimweka Uhuru Kenyatta na Raila karibu sawa, kila mmoja akiwa na takriban asilimia 44 au 45. Wachambuzi wengi walitarajia duru ya pili, kwa sababu katiba humtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Uhuru alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, na Raila akapewa 43.31. Mahakama ya Juu ilikataa ombi la kubatilisha matokeo.

Mwaka 2017 kampuni mbili zilitofautiana hadharani. Zikiwa zimebaki siku chache, Ipsos ilimweka Uhuru mbele kwa takriban asilimia 47 dhidi ya 43, huku Infotrak ikimweka Raila mbele kwa pointi moja. Kwa mtaalamu wa takwimu hakuna la kushangaza hapo, maana tafiti mbili halali zinaweza kutofautiana hivyo. Kwa wafuasi wa vyama, kila kampuni ilikuwa imejitangaza ni ya nani. Tume ilimtangaza Uhuru kwa asilimia 54 dhidi ya 44.7. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi huo kwa majaji wanne dhidi ya wawili, na Raila akasusia uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba.

Mwaka 2022 kampuni kubwa zote zilimweka Raila mbele katika tafiti zao za mwisho. Safari hii aliungwa mkono na Rais Uhuru aliyekuwa anaondoka, na mpinzani wake alikuwa Naibu wa Rais William Ruto. Ipsos ilitoa asilimia 47 kwa 41. Ruto na washirika wake walikuwa wakizipinga tafiti hizo hadharani kwa miezi mingi. Tume ilimtangaza Ruto mshindi kwa kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, dhidi ya 6,942,930 za Raila, sawa na asilimia 48.85. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, lakini tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu iliyathibitisha kwa kauli moja.

Tarakimu za Raila Odinga

Ukiweka chaguzi hizi nne kando kwa kando, kuna jambo linalojitokeza ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mara nyingi husemwa kwamba kura za maoni "zilimkosea" Raila, aliyefariki Oktoba 2025. Hazikumkosea yeye. Asilimia aliyopewa na tafiti za mwisho za Steadman na Ipsos ilikaribia sana asilimia aliyotangaziwa na tume: mwaka 2007 karibu 45 na kisha 44, mwaka 2013 karibu 44 na kisha 43, mwaka 2017 kama 43 na kisha 44.7, mwaka 2022 alipewa 47 na akapata 48.85. Kila mara tofauti ilikuwa ya pointi moja au mbili.

Aliyekosewa ni mpinzani wake. Kibaki alipanda kutoka 43 hadi zaidi ya 46, Uhuru kutoka 44 au 45 hadi 50, na baadaye kutoka 47 hadi 54. Ruto ndiye aliyepanda zaidi ya wote, kutoka 41 hadi 50.49. Katika utafiti huo wa Ipsos wa 2022 asilimia 12 iliyobaki iligawanyika kati ya wagombea wadogo, watu wasioamua na watu waliokataa kusema. Wagombea wawili wadogo hawakufikisha hata asilimia moja kwa pamoja siku ya kura. Fungu hilo la 12 karibu lote lilionekana limeelekea upande mmoja.

Maelezo ya kwanza yanayowezekana ni kwamba wafuasi wa Raila walisema kura yao waziwazi, ilhali sehemu ya wapinzani wake ilinyamaza. Mwaka 2022 maelezo haya yana nguvu, kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa upande wa Raila, na mtu wa Nyeri au Murang'a aliyeulizwa na mgeni angeweza kuona busara kusema "bado sijaamua". Pia kuna suala la kujitokeza: mwaka huo ni takriban asilimia 65 tu ya walioandikishwa waliopiga kura, na aliyeulizwa nyumbani si lazima afike kituoni.

Maelezo ya pili ni yale ya wafuasi wa Raila wenyewe. Wao husema kura zake zilihesabiwa zilivyo, na za mpinzani ziliongezwa. Tarakimu zilizo hapo juu zinaweza kusomwa hivyo pia, kwa kuwa kura ya maoni haina uwezo wa kutofautisha mtu aliyenyamaza na kura iliyobuniwa. Kutofautisha huko hufanywa kwa fomu za vituo vya kupigia kura. Mwaka 2022 tume iliziweka fomu hizo mtandaoni ili kila mtu ajijumlishie, na hilo lilipunguza sana nafasi ya maelezo ya pili kwa uchaguzi huo. Kwa mwaka 2007 fomu hazikuwepo hadharani, na mjadala haujafungwa.

Anayeuliza na anayejibu

Maswali ya kisiasa nchini Kenya huulizwa ama nyumbani kwa mhojiwa ama kwa simu. Njia zote mbili zina dosari zake. Simu ni rahisi na ya haraka, lakini huwapunguza wazee, wanawake wa vijijini na wafugaji wa kaunti kama Turkana na Mandera, ambako mtandao ni wa kubahatisha. Nyumbani huwafikia hao, lakini huleta mgeni mlangoni, mwenye jina na lafudhi vinavyoonyesha anatoka wapi.

Jambo hili limechunguzwa kwa kutumia data za Afrobarometer, mtandao wa utafiti ulioanza mwaka 1999. Watafiti Claire Adida, Karen Ferree, Daniel Posner na Amanda Robinson walilinganisha majibu katika nchi 14 za Afrika na kukuta kwamba watu hujibu tofauti wanapohojiwa na mtu wa kabila lao na wanapohojiwa na mtu wa kabila jingine, hasa kwenye maswali yanayogusa kabila lenyewe. Afrobarometer pia huwauliza wahojiwa wake mwishoni wanadhani ni nani aliyewatuma watafiti, na wapo wanaojibu kwamba ni serikali, ingawa walielezwa mwanzoni kwamba sivyo.

Baada ya 2007 hofu hiyo ina sababu. Katika maeneo kadhaa ya Bonde la Ufa watu walifukuzwa kwa kudhaniwa tu wamempigia nani kura. Mtu aliyepitia hayo akimwambia mgeni mwenye simu ya kurekodi kwamba kura ni siri, hajakataa kushirikiana na sayansi. Amejilinda, na jibu lake linaingia katika jedwali kama "hakujibu".

Fedha, bandia na sheria

Swali la nani analipa ndilo linaloulizwa na wanasiasa wa pande zote, kwa kawaida wanapokuwa nyuma. Raila na muungano wa NASA waliishutumu Ipsos mwaka 2017. Miaka mitano baadaye kampuni zilezile zilimweka mbele na lawama zikahamia kambi ya Ruto. Mtafiti Tom Wolf, aliyefanya kazi na Steadman na baadaye Ipsos, alikwisha kuandika mwaka 2009 makala ya kitaaluma juu ya uhusiano huo mchungu kati ya wanasiasa wa Kenya na kura za maoni za 2007. Kampuni hizi hupata sehemu kubwa ya kipato chao katika utafiti wa biashara, kama vile sabuni, benki na simu, na kukosea uchaguzi kwa makusudi kungewaharibia soko hilo. Hoja hiyo haiwahusu wale ambao hawana soko la kuharibu, yaani kampuni zinazozuka miezi michache kabla ya uchaguzi na kupotea baada yake.

Bunge lilijibu kwa Sheria ya Uchapishaji wa Kura za Maoni za Uchaguzi ya mwaka 2012. Anayechapisha matokeo hutakiwa kutaja aliyefanya utafiti, aliyeulipia, tarehe, idadi na namna ya kuwapata waliohojiwa, maswali yaliyoulizwa na kiwango cha kosa. Pia ni marufuku kuchapisha matokeo mapya katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Wanaounga mkono marufuku hayo husema yanampa mpiga kura nafasi ya kutulia. Tatizo lake ni kwamba siku ambazo wasioamua huamua ndizo hizohizo ambazo hakuna utafiti unaoweza kutangazwa, na pengo hilo hujazwa na uvumi.

Uvumi huo siku hizi huvaa sare. Kabla ya uchaguzi wa 2017 zilisambazwa video zilizotengenezwa kufanana na taarifa za BBC na CNN, zikimwonyesha Uhuru akiongoza katika kura za maoni. Mashirika hayo yalizikana. Kwa msomaji wa kawaida njia ya kwanza ya kujikinga ni kutafuta mambo yaliyotajwa na sheria ya 2012. Picha ya WhatsApp yenye nembo na asilimia, isiyo na tarehe wala idadi ya waliohojiwa, haina cha kuaminiwa.

Kura ya maoni kama shahidi

Mara nyingine mashaka hugeuka upande, na kura ya maoni ndiyo inayotumiwa kuyatilia shaka matokeo rasmi. Siku ya uchaguzi wa 2007 utafiti ulifanywa kwa kuwahoji Wakenya waliokuwa wanatoka vituoni, kwa gharama za shirika la Marekani la International Republican Institute. Matokeo hayakutolewa wakati wa ghasia, na shirika lilisema lilikuwa na mashaka na ubora wa data. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walioshiriki katika kazi hiyo, waliyatoa mwaka 2008: Raila alikuwa mbele ya Kibaki kwa takriban asilimia 46 kwa 40. Mjadala uliofuata ulihusu ubora wa data na pia sababu za kuchelewa, kwa kuwa tarakimu hizo zingeweza kuwa na uzito mkubwa mezani wakati Kofi Annan alipokuwa akisuluhisha pande mbili Nairobi mapema mwaka huo.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, utafiti uliofanywa kabla ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018 na Congo Research Group pamoja na kampuni ya BERCI ulimpa Martin Fayulu asilimia 47, Félix Tshisekedi 24 na Emmanuel Ramazani Shadary 19. Tume ya uchaguzi ilimtangaza Tshisekedi mshindi kwa asilimia 38.57, Fayulu akiwa wa pili. Baraza la maaskofu Wakatoliki, lililokuwa na waangalizi takriban 40,000, lilisema matokeo rasmi hayakulingana na yale yaliyokusanywa na waangalizi wake. Hapo kura ya maoni haikusimama peke yake. Ilipata nguvu kwa sababu chanzo kingine, kisichotegemea maneno ya wahojiwa, kilielekea upande uleule.

Tanzania: kutoka mashaka hadi adhabu

Nchini Tanzania tafiti zinazotajwa zaidi ni za Sauti za Wananchi, mpango wa shirika la Twaweza unaohoji watu kwa simu. Septemba 2015 ulitangaza kwamba John Magufuli wa CCM alikuwa na asilimia 65 na Edward Lowassa wa muungano wa UKAWA 25. Upinzani ulizikataa tarakimu hizo. Matokeo rasmi yalikuwa asilimia 58.46 na 39.97: mshindi alitajwa sawasawa, lakini mpinzani alipata pointi 15 zaidi ya alizopewa. Mahojiano yalikuwa yamefanyika wiki nyingi kabla ya kura, na kampeni zilibadilisha mengi. Tofauti na Kenya, hapa walioonekana kunyamaza ni wafuasi wa upinzani.

Julai 2018 Twaweza ilitangaza kwamba waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka 2017 na 96 mwaka 2016. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliiandikia Twaweza ikiitaka ieleze kwa nini isichukuliwe hatua kwa kufanya utafiti bila kibali. Baadaye pasipoti ya mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, ilishikiliwa. Miaka miwili kabla, asilimia 96 zilipotangazwa, hakuna aliyedai kibali.

Septemba mwaka huohuo Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015 na kufanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopinga au kupotosha zile rasmi. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake hadharani, na mwaka 2019 sheria ilirekebishwa tena na kuondoa adhabu hiyo.